Kizuri Chajiuza? Rafu ya Duka, Mwandishi Anayejichapishia na Wajibu wa Mhakiki: Maoni kutoka Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza husikika zaidi sokoni kuliko katika kumbi za mihadhara. Hata hivyo, wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumeiamini kuliko wachuuzi. Tunaamini kimyakimya kwamba kazi bora, hata ikichelewa, haikosi kufika: itampata mchapishaji, itaingia dukani, itasomwa shuleni, na mwishowe itatua juu ya meza zetu tuihakiki. Kazi iliyobaki nje tunaichukulia kuwa ilistahili kubaki nje. Makala haya yanakusudia kuichunguza imani hiyo na kuonyesha kwamba msingi wake ni dhaifu.

Tutafanya hivyo kwa kutazama aina moja ya kitabu katika eneo moja. Kitabu chenyewe ni kile ambacho mwandishi amelipia uchapaji wake kwa fedha zake, akakitoa kwa jina lake au kwa jina la kampuni aliyoisajili kwa ajili hiyo. Eneo ni Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, pamoja na mtaa wa Kipsongo ulio kandokando ya mji wa Kitale. Dai letu ni kwamba rafu ya duka la vitabu ndiyo mhakiki wa kwanza wa fasihi yetu; kwamba vigezo vyake havihusiani na fani wala maudhui; na kwamba inaifanya kazi hiyo peke yake kwa kuwa sisi tunaolipwa kuifanya tumeiachia.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuweke wazi istilahi mbili. Wataalamu wa lugha hutofautisha uchapaji na uchapishaji. Uchapaji ni kazi ya mtambo: wino, karatasi, gundi na kisu cha kukatia. Uchapishaji ni kazi pana zaidi: kuuchagua mswada, kuuhariri, kuugharimia, kuutangaza, na kukifikisha kitabu kwa msomaji. Mwandishi anayejichapishia aghalabu hupata uchapaji akadhani amepata uchapishaji. Lugha ya kila siku nayo humzidishia dhana hiyo, kwani watu husema kwamba kitabu chake "kimetoka". Kimetoka, naam, lakini kimekwenda wapi?

2. Jadi ya kujichapishia

Iwapo kujichapishia ni dalili ya udhaifu wa kazi, basi hatuna budi kuanza kwa kumpunguza Shaaban Robert. Mwandishi huyu alitolewa na wachapishaji wa nje, kwa mfano Nelson waliotoa Kusadikika mwaka 1951. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa Tanga, alitoa baadhi ya kazi zake mwenyewe kwa jina la Art and Literature, zikiwemo Masomo Yenye Adili na Insha na Mashairi. Alifariki mwaka 1962, na kazi zake nyingine, kama vile Kufikirika na Utubora Mkulima, zikatolewa na makampuni makubwa baada ya kifo chake. Sasa tujiulize: je, kuna mhakiki anayeweza kusoma ukurasa wa Shaaban Robert pasipo jalada, kisha akatuambia, kwa kupima lugha, taswira na falsafa yake, kwamba ukurasa huu ulilipiwa na mwandishi na ule ulilipiwa na kampuni ya Uingereza? Hayupo. Mkono ni ule ule. Tofauti ilikuwa katika njia iliyopitiwa na kitabu baada ya kalamu kuwekwa chini.

Mfano wa pili ni wa Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 aliandika kijitabu kilichoitwa Kenya: Twendapi? Kijitabu hicho hakikuomba nafasi katika duka lolote; kilipita mkono kwa mkono, na kwa sababu yake mwandishi alifungwa kutoka mwaka 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalitolewa na Oxford University Press, Nairobi, mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Mwandishi ni mmoja, tena katika kipindi kifupi. Kazi moja ilitafuta wasomaji nje ya rafu na kuwapata, nyingine ikawapata kupitia rafu. Mhakiki anayeanzia rafuni ataisoma nusu tu ya habari hii, na nusu atakayoikosa ndiyo iliyoizaa ile anayoisoma.

Mfano wa tatu unatoka Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980. Waandishi wa riwaya pendwa walipochoka kungoja, walianzisha kampuni zao: Kajubi Mukajanga na Grand Arts Promotions, Hammie Rajab na Busara Publications, Ben Mtobwa na Heko Publishers. Vitabu vyao viliuzwa kwenye vibanda vya magazeti na vituo vya mabasi. Nchini Kenya, David Maillu alikuwa ametangulia kwa Comb Books, ambayo mwaka 1973 ilitoa My Dear Bottle na Unfit for Human Consumption. Vitabu hivyo viliuzika mno, hata serikali ya Tanzania ikavipiga marufuku mwaka 1976. Maillu aliandika kwa Kiingereza, lakini somo lake latuhusu: alipata wasomaji kwanza, wenye maduka wakafuata.

Wahakiki wengi wa wakati huo waliipa fasihi hii kisogo. Waliosema kwamba ni duni huenda walikuwa na haki kuhusu kitabu hiki au kile. Kosa lao lilikuwa kutoa hukumu kwa kundi zima kabla ya kusoma kitabu kimoja kimoja. Mwandishi wa makala haya alizisoma baadhi ya riwaya hizo kwa mara ya kwanza katika maktaba ya chuo kimoja cha ng'ambo alipokuwa akisomea shahada ya uzamili, zikiwa zimepangwa vizuri na kupewa namba. Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Maktaba za nje zina wanunuzi waliopewa kazi ya kukusanya kila kitu. Maktaba ya Bunge la Marekani, kwa mfano, ilifungua ofisi yake Nairobi mwaka 1966 kwa madhumuni hayo. Matokeo yake ni kwamba kitabu kilicholipiwa na mwandishi wa Kitale kinaweza kupata rafu Washington kabla ya kuipata Kitale.

3. Rafu inavyohakiki

Tushuke sasa hadi madukani. Miaka michache iliyopita nilifuatana na mwalimu mstaafu aliyenifundisha katika shule ya upili, ambaye anakaa karibu na Kipsongo. Alikuwa ametoa diwani ya mashairi, nakala 300, na alitaka iingie madukani. Sitaihakiki diwani hiyo hapa. Inastahili uhakiki wake yenyewe, wala si haki kuitumia kama mfano wa matatizo ya biashara tu. Itoshe kusema kwamba mashairi yake yanazungumzia mtaa ambao ulikua kutokana na familia za Waturkana waliosukumwa na ukame na wizi wa mifugo, na kwamba Kiswahili chake ni kile kinachowakutanisha Mturkana, Mbukusu, Msabaoti na Mkikuyu kwenye foleni ya maji.

Katika duka la kwanza, mjini Kitale, mwenye duka alikipokea kitabu kwa adabu, akakigeuza, akauliza swali moja: "Mwalimu, hiki kinatahiniwa?" Alipoambiwa la, alikirudisha. Katika duka la pili nakala tano zilipokewa kwa mali kauli, yaani mwenye duka alipe zikishauzwa. Ziliwekwa karibu na madaftari ya risiti. Katika duka la tatu, mjini Bungoma, mwalimu aliombwa ankara ya kielektroniki inayotambuliwa na Mamlaka ya Mapato. Naye hakuwa nayo. Miezi kadhaa baadaye alirudi katika duka la pili. Nakala moja ilikuwa imeuzwa, tatu zilikuwepo zikiwa zimefifia jalada kwa jua, na moja haikujulikana ilipo. Hapakuwa na maandishi yoyote baina yao.

Ni rahisi kusimulia kisa hiki kana kwamba wenye maduka ni maadui wa fasihi. La hasha. Tukichunguza sababu za kila mmoja tutaona kwamba wote watatu walitenda kwa busara ya kazi yao.

Sababu ya kwanza ni shule. Duka la vitabu katika miji yetu ni ghala la shule kabla ya kuwa jambo jingine. Katika Trans Nzoia, mahindi huvunwa kuelekea mwisho wa mwaka, na fedha zake ndizo zinazolipa karo na vitabu mwezi Januari. Mwenye duka anayejaza rafu zake Desemba anajua atakachoulizwa: kilicho katika orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, na riwaya, tamthilia na hadithi fupi zinazotahiniwa. Kidagaa Kimemwozea kilipoanza kutahiniwa kilikuwa katika kila duka. Kilipofuatwa na Chozi la Heri, na baadaye Nguu za Jadi, rafu zilibadilika kwa siku chache. Kitabu hakiingii katika orodha pasipo kuwasilishwa, kulipiwa ada na kutathminiwa, na utaratibu huo umetengenezwa kwa ajili ya makampuni.

Sababu ya pili ni kwamba duka lenyewe limedhoofika. Tangu mwaka 2018, serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni, wauzaji walipoteza sehemu kubwa ya biashara iliyokuwa ikiwaweka hai, na baadhi yao walifunga. Kabla ya hapo, sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ya mwaka 2013 ilikuwa imevitoza vitabu asilimia 16. Mtu aliyepata hasara hizo mbili hawezi kulaumiwa akisita kuweka rafuni kitabu ambacho hakuna aliyekiulizia.

Sababu ya tatu ni hesabu. Tuchukulie kwamba nakala moja iligharimu shilingi 180 kuchapwa, na bei yake ni shilingi 350. Mwenye duka akipewa punguzo la asilimia 30, anabaki na shilingi 105, na mwandishi anapata 245. Ukiondoa gharama ya uchapaji, faida ya mwandishi ni shilingi 65. Nakala tano zote zikiuzwa, atapata shilingi 325. Nauli ya kutoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha Bungoma, kwenda na kurudi mara mbili, mara ya kupeleka na mara ya kudai, inazidi kiasi hicho. Kwa upande wake, mwenye duka atapata shilingi 525 kwa nakala hizo tano, iwapo zitauzwa. Daftari za mazoezi zilizowekwa katika nafasi hiyo hiyo zingeuzwa kwa wiki moja. Hakuna katika wawili hawa anayemwibia mwenziwe. Kiasi cha kugawana ndicho kidogo.

Sababu ya nne ni umbo la kitabu. Vitabu vingi vya aina hii hufungwa kwa pini katikati, kwa hiyo havina mgongo wa kuandikwa jina. Kitabu kisicho na mgongo kikisimamishwa kati ya vingine hakionekani tena. Ni lazima kilazwe kifudifudi au chali, na kulazwa ni kuchukua nafasi ya vitabu kumi. Vingine havina namba ya ISBN, ambayo nchini Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, na kwa hiyo havina msimbo wa kusomwa na mashine ya duka. Na tangu Januari 2024, gharama isiyoambatana na ankara ya kielektroniki kwa kawaida haikubaliwi katika hesabu za kodi. Duka lile la Bungoma halikuwa na kiburi lilipoiomba.

Tukikusanya sababu hizi nne tunaona jambo la kushangaza kwa mhakiki. Hakuna hata moja inayouliza kama shairi lina uzito. Kitabu kimepimwa kwa mtihani, mtaji, nauli na pini, kikaonekana kimepungua. Kisha sisi, tusipokiona rafuni, tunasema kimepungua katika sanaa.

Ni vyema hapa kumkumbuka Ken Walibora, aliyefariki Aprili 2020, na ambaye maisha na kazi zake zilifungamana na eneo hili. Katika Siku Njema, iliyotolewa na Longhorn mwaka 1996, Kongowea Mswahili anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake. Riwaya yenyewe ilisafiri pia, kutoka Nairobi hadi kila pembe ya nchi, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na kampuni yenye wahariri na mawakala. Hatusemi kwamba riwaya hii inapendwa kwa sababu ya mawakala. Uzuri wake unajulikana. Tunasema kwamba uzuri huo ulibebwa. Hata kitabu kinachotahiniwa, ambacho methali ingetwambia kwamba chajiuza, kimetembezwa na wizara nzima.

Wala ukaribu wa malighafi hausaidii. Katikati ya Kitale na Bungoma kuna Webuye, ambako kiwanda cha Pan African Paper Mills kilitengeneza karatasi kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kusimama mwaka 2009 na kuuzwa mwaka 2016. Wakazi wa eneo hili waliishi na harufu ya karatasi kwa muda wote huo, na bado kitabu kwao kilikuwa kitu kinachotoka Nairobi.

4. Rafu ndani ya matini

Kufikia hapa msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya wanauchumi, na kwamba mhakiki wa fasihi hayamhusu. Tungekubali, kama rafu ingebaki nje ya kitabu. Lakini rafu huingia ndani ya matini.

Mwandishi anayejua kwamba duka linataka kitabu cha shule hukivisha kitabu chake sare ya shule. Huongeza maswali ya marudio mwishoni mwa kila hadithi. Hufasiri katika tanbihi maneno ambayo msomaji wa Kipsongo anayatumia kila siku. Huandika dibaji inayowaahidi walimu kwamba kazi hii itawasaidia watahiniwa. Hatimaye hufika kwenye uteuzi wa maudhui: huacha lile lililomsukuma kuandika, akatafuta lile linalofanana na lililotahiniwa mwaka jana. Mzee mlevi anaadhibiwa, binti mtiifu anapata shahada, kijiji kinapata maji. Tunapokutana na kazi kama hiyo tunailaumu kwa kuhubiri na kwa wahusika bapa. Lawama hizo ni za haki, lakini hazifiki kwenye chanzo. Mwandishi huyo alikuwa akiiandikia rafu.

Mwalimu wangu aliwahi kushauriwa na muuzaji mmoja aongeze mwongozo nyuma ya diwani: muhtasari wa kila shairi, bahari yake, vina na mizani, na dhamira zilizoorodheshwa kwa herufi za kirumi. Alikataa, kwa hoja kwamba shairi lililofasiriwa na mtunzi wake katika ukurasa wa pili halimwachii msomaji kazi yoyote. Huo ulikuwa uamuzi wa kisanaa, tena mzito, na ulimgharimu mauzo. Katika maandishi yetu yote kuhusu ushairi wa Kiswahili, na mjadala mrefu wa vina na mizani tuliourithi kutoka miaka ya 1970, sijaona tukiupa uamuzi wa namna hii nafasi. Mtunzi anayekataa kulitafuna shairi ili lipate rafu ametoa kauli kuhusu fani, na kauli hiyo haisomeki kwa anayeangalia matini peke yake.

5. Makosa ya waandishi wenyewe

Haitakuwa haki tukimtetea mwandishi anayejichapishia bila kumwambia ukweli. Vitabu vingi vya aina hii havijahaririwa. Maneno hugawanywa mahali pasipo pake, upatanisho wa kisarufi huyumba, jina la mhusika hubadilika katikati ya hadithi, na kurasa zilizopigwa chapa mara mbili huachwa hivyo hivyo. Mwenye duka huenda asiseme lolote kuhusu taswira, lakini akifungua ukurasa wa kwanza na kukuta makosa matatu, anafahamu kwamba mzazi atakirudisha.

Kosa la pili ni bei. Mwandishi hujumlisha gharama zake, jasho lake na matumaini yake, akafikia bei inayozidi ile ya riwaya ya kampuni kubwa iliyochapwa kwa maelfu. Kosa la tatu ni kutoweka maandishi. Mali kauli ni utaratibu wa zamani na wa heshima katika biashara ya mwambao na bara, lakini uliwategemea watu waliojuana. Kwa watu wasiojuana, karatasi moja yenye idadi ya nakala, punguzo, tarehe ya kukutana tena, na anayebeba hasara ya nakala iliyopotea, ingezuia ugomvi mwingi.

Wapo wanaosema kwamba simu imemaliza tatizo hili, kwani mwandishi anaweza kutangaza kitabu chake mwenyewe, akapokea fedha kwa M-Pesa na kukituma kwa matatu. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini simu humuuzia mwandishi kwa wale wanaomjua tayari: jamaa, wanafunzi wa zamani, waumini wa kanisa moja. Rafu ina fadhila ambayo simu haina, nayo ni kumkutanisha mwandishi na mtu asiyemjua kabisa, aliyeingia dukani kununua kalamu. Fasihi haiwezi kuishi kwa jamaa peke yao. Ndiyo maana hatuwezi kuwaambia waandishi hawa waliache duka.

6. Wajibu wa mhakiki

Tumefika kwenye sehemu inayotuhusu sisi. Mwenye duka anapoulizwa kwa nini hakichukui kitabu fulani, jibu lake la kweli ni kwamba hakuna aliyemwambia chochote kukihusu. Kwa kitabu cha shule ameambiwa na wizara. Kwa riwaya ya kampuni ameambiwa na wakala. Kwa kitabu cha mwandishi anayejichapishia, sauti pekee anayoisikia ni ya mwandishi mwenyewe, na hiyo haiwezi kuaminiwa, kwa kuwa kila mzazi husifu mwanawe. Sauti inayokosekana ni ya mtu wa tatu, asiye na faida katika mauzo, aliyekisoma kitabu chote na aliye tayari kusema kina nini na kimepungukiwa nini. Mtu huyo ana jina katika lugha yetu: mhakiki.

Nakiri kwamba nilipoombwa kuwa mtu huyo nilishindwa. Mwalimu wangu, baada ya safari ile ya maduka matatu, aliniomba niandike ukurasa mmoja tu kuhusu diwani yake, wa kusifu au wa kukosoa, apate kuuonyesha. Nilimjibu kwamba majarida ya kitaaluma huhakiki vitabu vya wachapishaji wanaotambulika. Jibu hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa aibu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu mizani. Aliitikia tu, "Haya, mwanangu," akabadilisha mazungumzo. Mwenye duka alikuwa ameuliza kama kitabu kinatahiniwa. Mimi niliuliza kama kina mchapishaji. Hakuna kati yetu aliyeuliza kama ni kizuri.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, yote yakiwa ndani ya uwezo wa idara zetu. Kwanza, majarida yetu yatenge kurasa za kuhakiki vitabu vilivyotolewa na waandishi wenyewe, kwa ukali ule ule tunaoutumia kwa vingine. Kuwahurumia ni njia nyingine ya kuwadharau. Pili, wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya eneo hili, Kibabii, Masinde Muliro na Moi, wapewe kazi ya kuvitafuta na kuviorodhesha vitabu hivyo katika miji yao, na nakala mbili za kila kitabu zinunuliwe kwa maktaba ya chuo. Zinunuliwe, zisiombwe. Tatu, wanafunzi wa uhariri wafanyie mazoezi miswada halisi ya waandishi wa mitaani, kwa idhini yao, badala ya matini zilizoharibiwa makusudi darasani. Nne, maduka yaliyo ndani ya vyuo yawe ya kwanza kupokea nakala chache kwa mali kauli yenye maandishi. Duka la chuo linalouza kalamu na fulana pekee halina haki ya kulilaumu duka la Kitale.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba nafasi ya kitabu katika rafu huamuliwa na shule, mtaji, hesabu na umbo, na kwamba maamuzi hayo hufika hadi ndani ya fani na maudhui ya kazi zenyewe. Tumeonyesha vilevile kwamba mwenye duka hana kosa kubwa, na kwamba mwandishi ana makosa yake. Lakini kosa lililo rahisi zaidi kusahihisha ni letu. Sokoni, anayesema kwamba kizuri chajiuza mara nyingi ni yule ambaye bidhaa yake imekwisha kupangwa mbele. Anayesema hivyo chuoni, kuhusu vitabu ambavyo hajavifungua, hana hata udhuru wa kuwa mfanyabiashara.

Diwani ya mwalimu wangu ninayo mezani, nakala niliyoilipia. Uhakiki wake nimeuanza, pamoja na yale nisiyokubaliana nayo katika mashairi yake marefu, na nitauwasilisha kwa wahariri wa jarida hili kama uhakiki wa kitabu kingine chochote. Wakiukataa, natumaini watauliza kwanza kama umeandikwa vizuri.